Redio ya bodaboda imegoma baada ya kubadilisha swichi za usukani: jinsi ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua

Pikipiki imelala upande wa kushoto, kasha la swichi ya honi na indiketa limepasuka, umenunua jingine Kariakoo na fundi amelifunga pale pale. Taa inawaka, honi inalia, indiketa zinakonyeza. Redio ndiyo haisemi, au inanguruma, au inajizima kila ukibonyeza honi. Hapo wengi hukimbilia redio nyingine, na hiyo nayo haimalizi wiki. Mara nyingi redio haina kosa lolote. Kilichobadilika ni njia yake: mahali ilipokuwa inachukua moto (umeme wa chanya), mahali inaporudisha ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), au waya uliobanwa wakati kasha linafungwa.

Maelezo haya ni ya pikipiki za cc 100 hadi 150 zenye betri ya volti 12 na muziki wa kawaida wa boda: redio ya MP3 yenye FM na Bluetooth, spika mbili, pengine na amplifaya ndogo chini ya siti. Fuata mpangilio kama ulivyo. Ukiruka betri ukaanzia kwenye redio, utazunguka mchana kutwa.

Vya kuwa navyo

Mita ya kidijitali ya bei rahisi, zile za DT830, inatosha. Pamoja nayo tengeneza taa ya kupimia: balbu ya indiketa ya wati 10 na vipande viwili vya waya vilivyochubuliwa ncha. Usiidharau. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja ndani utaonyesha volti 12 safi na bado ushindwe kuendesha redio. Balbu ya wati 10 inavuta karibu ampea 0.8. Waya mzima utaiwasha kwa nguvu, waya mbovu utaiacha inafifia.

Ongeza bisibisi nyota, spana namba 10, msasa laini, waya wa milimita 1 za mraba mita tatu wa rangi mbili, kishikio cha fyuzi na fyuzi za ampea 5, tai za plastiki, na mpira wa kusinyaa kwa joto. Pasi ya kuchomelea risasi ikiwepo ni vizuri zaidi. Na jambo moja la bure: swichi ya zamani usiitupe hata kama imevunjika vipande. Mkia wake wa nyaya ndio ramani yako.

Kwanza, angalia mkia wa swichi ya zamani

Hili linamaliza kesi nyingi kabla mita haijatolewa kwenye mfuko. Mafundi wengi wa muziki huchukua moto wa redio mahali palipo karibu, yaani kwenye nyaya zinazoshuka kutoka swichi ya usukani hadi nyuma ya taa kubwa. Wanachubua waya, wanasukia wa redio, wanafunga selotepu. Swichi ikitolewa, kiungio kile kinaondoka nayo, na waya wa redio unabaki unaning'inia ndani ya kasha la taa, ukiwa umekatwa.

Kwa hiyo fungua taa ya mbele, ivute taratibu, utafute waya wowote usio na mwenzake. Kisha chunguza mkia wa swichi ya zamani: ukiona selotepu, alama ya kuchubuliwa au kipande cha waya wa rangi ngeni, andika umesukiwa kwenye rangi gani na waya huo ulikuwa wa kazi gani. Sasa unajua redio ilikula wapi. Lakini usirudishe moto pale pale kabla ya kujua kama ni mahali panapofaa, maana huenda palikuwa pabaya tangu mwanzo.

Betri na chaji

Injini ikiwa imezimwa kwa muda, mita kwenye DC 20 (volti za umeme wa betri, hadi 20), gusa vichwa vya betri. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. Chini ya 12.2 ichaji kwanza, usiendelee. Washa injini, piga resi ya kati: unataka 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, regulata (kidhibiti cha chaji) imekufa, na hiyo ndiyo inayoua redio, balbu na betri kwa pamoja. Isipopanda kabisa, chaji haifiki.

Kisha zima injini, acha funguo imewashwa, bonyeza honi huku unatazama namba. Betri yenye afya inashuka kidogo na kurudi. Ikidondoka chini ya 11, redio kujizima wakati wa honi hakuhusiani na swichi mpya, ni betri imechoka. Wakati wa stata kushuka hadi karibu na 10 ni kawaida, na redio nyingi hujizima sekunde hiyo.

Moto wa redio unatoka wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu kuna mitego miwili mikubwa.

Mtego wa kwanza ni taa kubwa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele haili umeme wa betri. Inalishwa moja kwa moja na koili ya injini kwa umeme wa AC, unaogeuka mbele na nyuma na kupanda kadiri unavyopiga resi. Redio inataka DC, umeme unaokwenda upande mmoja kama wa betri. Ukiipa AC itanguruma, itapata joto na mwisho itaungua, hata kama mita inaonyesha namba inayokaribia 12. Kujua ni rahisi: washa funguo bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa. Isipowaka mpaka injini ianze, na mwanga ukapanda na kushuka kwa resi, nyaya zote za swichi ya taa zihesabu kuwa ni za AC na usiziguse kwa ajili ya redio. Usitegemee mita ya bei rahisi kukuamulia jambo hili, kwani nyingi zikiwekwa upande wa AC na kugusishwa kwenye DC hutoa namba za uongo.

Mtego wa pili ni rangi. Swichi nyingi za dukani ni za kufaa pikipiki yoyote, na rangi zake hazijui pikipiki yako ni ya nani. Honda na nakala nyingi za Kichina za CG125 hutumia kijani kwa ethi na nyeusi kwa moto unaotoka kwenye funguo. Yamaha nyeusi ndiyo ethi, na moto wa funguo ni kahawia. Bajaj imefuata utaratibu wa Kawasaki, ethi yake ni nyeusi yenye mstari wa njano. Suzuki ethi ni nyeusi yenye mstari mweupe, na moto wa funguo ni rangi ya machungwa. Fikiria sasa swichi ya Kichina juu ya Yamaha, na fundi anayeunganisha nyeusi kwa nyeusi kwa sababu zimefanana: amekutanisha moto na ethi. Fyuzi inaweza kukatika funguo ikiwashwa tu.

Ule mweusi wenye mstari mweupe ni hatari zaidi. Kwenye Suzuki ni ethi salama. Kwenye pikipiki za mtindo wa Honda ni waya wa kuzimia injini unaokwenda kwenye CDI (kisanduku kinachoendesha cheche za plagi), na CDI inayolishwa na koili hupitisha hapo umeme unaopigapiga wa zaidi ya volti mia. Ukiutumia kama ethi ya redio, utapata moja kati ya mawili: injini haiwaki, au redio inakufa papo hapo.

Kwa hiyo acha rangi, pima. Ncha nyeusi ya mita ikae kwenye hasi ya betri muda wote. Ncha nyekundu iguse waya unaoufikiria. Funguo ikizimwa isome sifuri, ikiwashwa isome sawa na betri. Ukiwa bado umeshika, washa indiketa, kanyaga breki, bonyeza honi, zungusha swichi ya taa nafasi zote. Namba ikibaki palepale na kuyumba kidogo tu, huo ndio moto wa funguo. Ikidunda pamoja na indiketa, umeshika waya wa indiketa. Ikija tu ukiwasha taa ndogo, umepata sababu ya redio kuimba usiku na kunyamaza mchana. Maliza kwa taa ya kupimia: iunganishe kati ya waya huo na hasi ya betri, iwake kwa nguvu.

Upande wa redio, zenye nyaya za mtindo wa gari huwa na njano ya kumbukumbu inayokwenda betri moja kwa moja, nyekundu ya moto wa funguo, na nyeusi ya ethi. Njano na nyekundu zikipishana, redio inasahau stesheni kila ukizima. Zote mbili zikiwekwa betri, inasahau kuzima na asubuhi unapiga kiki.

Ethi

Usukani si ethi ya kuaminika. Pikipiki nyingi zina mipira kwenye vishikio vya usukani, usukani mpya una rangi nene, na pale shingoni umeme unapita kwenye gololi zenye grisi. Redio iliyofungwa juu ya usukani na kutegemea boliti yake kuwa ethi itaimba ikijisikia. Ikiwa usukani wenyewe nao umebadilishwa, shuku hapa kabla ya kwingine.

Kipimo chake ni hiki. Redio iwe inaimba kwa sauti ya juu. Mita kwenye DC 20, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye ethi ya redio, karibu kabisa na redio yenyewe. Chini ya volti 0.2 ni safi. Kuanzia 0.5 kwenda juu ethi ni mbovu, na besi ikigonga utaona namba inaruka. Ukipima redio ikiwa imezimwa utapata sifuri na kudanganyika, kwa sababu hakuna umeme unaopita.

Upande wa moto fanya vivyo hivyo: ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya mwekundu wa redio, sauti juu. Ikizidi 0.5 kuna kiungio kibovu, fyuzi iliyoota kutu au waya mwembamba mno.

Dawa ya ethi ni waya wake mwenyewe kutoka redio hadi hasi ya betri. Ikishindikana, hadi boliti ya fremu iliyosuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kupakwa grisi kidogo baada ya kukazwa. Kwa hali ya hewa ya Dar grisi hiyo si mapambo. Pikipiki inayovuka Kigamboni kila siku au kulala karibu na bahari huota kutu ya kijani kwenye shaba ndani ya miezi michache.

Shingo na kasha la swichi

Washa redio, pikipiki ikiwa kwenye stendi, geuza usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ikikatika au kukwaruza mahali fulani, waya umevutika au umebanwa. Rudia ukishika mafungu ya nyaya kwa mkono na kuyatingisha sentimita tano tano.

Kasha la swichi lina pande mbili, na ndani yake pana kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usukani usiokuwa na tundu hufanya mafundi wakikate hicho kijino. Matokeo yake kasha linazunguka unapobonyeza swichi na kuvuta nyaya kila mara. Toboa tundu, usikate kijino. Skurubu mbili za kasha pia mara nyingi hazilingani urefu. Ndefu ikiingia upande wa fupi inaweza kutoboa waya, au kasha lisifunge vizuri na kuacha maji yaingie. Fungua, tafuta alama ya kubonyea kwenye nyaya, zipange kwenye mfereji wake, funga tena.

Tai za plastiki zikazwe usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho, upande unaovuta nyaya zaidi. Zikikazwa usukani umenyooka, siku ya kwanza ya kugeuza barabarani kitakatika kitu.

Spika

Kosa la kawaida hapa linatokana na nia njema: fundi anakusanya nyaya zote nyeusi na kuzipeleka ethi, zikiwemo za spika. Amplifaya nyingi za siku hizi, hata zile ndogo za ndani ya redio, zinasukuma spika kwa nyaya zote mbili. Hakuna wa ethi. Ukiugusisha mmoja kwenye fremu, redio inajilinda kwa kunyamaza, au inaungua.

Chomoa spika kwenye redio. Mita kwenye omu 200, pima kati ya nyaya zake mbili: spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4, ya omu 8 kati ya 6 na 8. Kisha pima kati ya kila waya na fremu. Mita isisome kitu, ibaki na ile 1 ya upande wa kushoto. Ikisoma namba yoyote, kuna mahali waya umechubuka na kugusa chuma, na mara nyingi ni chini ya tangi au pale unapopita kwenye shingo. Spika yenyewe ijaribu kwa betri ndogo ya rimoti: gusa na kuachia, ikipiga "tok" ni nzima.

Vitufe vya redio kwenye usukani

Vya rimoti isiyo na waya havihusiki, badilisha betri yake tu. Vile vya waya mbili mara nyingi vinafanya kazi kwa upinzani, kila kitufe kina omu zake na redio inazisoma. Maji yakiingia, namba zinayumba: sauti inapanda yenyewe, wimbo unaruka. Chomoa plagi, pima omu kati ya nyaya mbili huku unabonyeza kimoja kimoja. Kila kimoja kitoe namba yake, tofauti na nyingine na isiyotikisika. Zikiyumba, fungua, safisha kwa dawa ya kusafishia swichi, kausha kabisa. Na ukienda kuosha pikipiki, mwambie kijana wa mashine ya presha asilenge swichi.

Muungurumo na mikwaruzo

Mlio unaopanda na resi: rudi kwenye ethi na kwenye swali la AC kabla ya kununua filta yoyote. Ukibaki baada ya hapo, kapasita ya maikrofaradi 2200 ya volti 25 kati ya moto na ethi karibu na redio husaidia. Upande wenye mstari wa hasi uende ethi, ukigeuza itapasuka. Mikwaruzo inayofuata cheche, hasa kwenye FM, tazama plagi ya injini. Za NGK zenye kizuia mikwaruzo zina herufi R ndani ya namba, na mafundi hupachika isiyo nayo bila kujali. Antena ya waya iwe na urefu wa karibu sentimita 75, isifungwe pamoja na waya wa plagi.

FM ikikwaruza huku MP3 ni safi, chomoa chaja ya simu. Swichi nyingi mpya zinakuja na tundu la USB, na chaja hizo za bei rahisi zinatoa kelele ya redio. Hili watu hulitafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Kuipa redio njia yake

Ukishapata tatizo, usirudi kusukia kwenye swichi. Vuta waya mwekundu kutoka chanya ya betri, fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 za mwanzo, mpaka kwenye relei (swichi inayowashwa na umeme) ya pini 4 chini ya siti. Pini 30 ipokee waya huo, 87 iende redio, 86 ipate moto wa funguo ulioupima, 85 iende ethi. Redio ndogo isiyo na amplifaya inaweza kukaa kwenye moto wa funguo bila relei, mradi ina fyuzi yake.

Fyuzi ya ampea 5 inatosha redio na spika mbili, amplifaya iwekee 10 na waya wa milimita 1.5. Amplifaya iliyoandikwa wati 500 huku fyuzi yake ya kiwandani ni ampea 5 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 60 au 70, kwa hiyo usihangaike na waya mnene kama wa stata. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi.

Viungio vyote chomelea risasi, vika mpira wa kusinyaa, na uvipange visikae sehemu moja. Kusuka na selotepu kunashikilia mpaka masika ya kwanza.

Kipimo cha mwisho, funguo ikiwa imezimwa

Toa waya wa hasi kwenye betri. Hamisha ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la 10 A, weka mita kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Usiwashe funguo wala kugusa stata katika hali hii, tundu hilo kwenye mita nyingi za bei rahisi halina fyuzi. Ikisoma 0.00 hamia kwenye milliampea upate namba kamili. Kumbukumbu ya redio inakula milliampea chache, hiyo si tatizo. Ukikuta 50, betri ya Ah 5 itakauka ndani ya saa 100, yaani siku nne pikipiki ikiwa imeegeshwa. Chomoa redio: namba ikianguka, nyekundu yake imekwenda betri badala ya funguo. Isipoanguka, chomoa plagi ya swichi mpya, kisha chaja ya USB, mpaka ishuke. Ukimaliza, kabla ya kupima volti tena, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu lake, la sivyo utapiga shoti betri kupitia mita.